Swali la 7 lililokula mtihani mzima

SWALI: Binti yangu ana miaka 10. Darasani ni msikivu, madaftari yake ni safi, na akikaa nyumbani na hesabu au ufahamu anafanya vizuri bila kusaidiwa. Tatizo ni hii mitihani sanifu ya kupimwa kwa dakika. Usiku wa kuamkia mtihani tumbo linamuuma, na asubuhi hali chochote. Karatasi ya mwisho ilikuwa na maswali 40 ya kuchagua jibu, kwa dakika 50. Alijibu 23 tu, akapata 21. Mengine 17 ameyaacha wazi. Swali la 7 amelifutafuta mpaka karatasi ikatoboka. Mwalimu ameandika "mzembe wa muda". Baba yake amenunua saa inayohesabu dakika kurudi nyuma, na kila jioni anamfanyisha maswali. Saa ikilia, mtoto naye analia. Nikimwomba apunguze ananijibu, "Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe." Je, nimwambie mtoto kwamba mtihani si kitu? Nimpumzishe mazoezi yote kwanza? Au ni ugonjwa?

JIBU: Dada yangu, barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nikakwama kwenye namba. 21 kati ya 23. Mtoto aliyegusa maswali 23 akakosea mawili tu, huyo anajua. Alama itakayosomwa na kila mtu ni 21 kwa 40, yaani asilimia 52 na nusu, lakini ukipima yale aliyoyafikia amepata zaidi ya asilimia 91. Namba ya kwanza inasema nusu ya kazi haijui. Ya pili inasema anaijua, ila hakufika.

Kwa nini hakufika? Dakika 50 kwa maswali 40 ni sekunde 75 kila swali. Kwa mwendo huo maswali 23 yangemchukua chini ya dakika 29. Kwa hiyo kuna dakika kama 21 zilizokwenda kwingine. Sikuwepo chumbani, lakini karatasi iliyotobolewa na raba ni shahidi mzuri. Nyingi ya dakika hizo, nadhani, zilizikwa kwenye swali la 7, na zilizosalia zikaliwa na hofu ya kugundua kwamba zimekwisha.

Mwanetu amelelewa vizuri, na mtego uko hapo hapo. Tangu aanze kushika penseli ameambiwa amalize alichoanza, asirukeruke, arudie kuangalia kazi yake, haraka haraka haina baraka. Akatii. Yale madaftari safi ni matunda ya utii huo. Kisha siku moja anawekewa karatasi yenye sheria za kinyume: likikushinda liache, usirudie kila kitu, nenda mbele. Hakuna aliyemwambia kwamba sheria zimebadilika. Kwa miaka niliyofanya ushauri nasaha na wanafunzi, nimeona kwamba wanaoumizwa zaidi na saa si wazembe. Mzembe hubahatisha, akamaliza mapema, akatoka akacheza. Anayeumia ni mtiifu. Ndiyo maana neno la mwalimu kwenye ile karatasi limenisikitisha. Simlaumu sana, maana ana lundo la karatasi za kusahihisha, lakini neno lile limempiga mtoto mahali asipostahili.

Nianze na tumbo, kwa kuwa wengi hudhani mtoto anasingizia. Hasingizii. Ubongo ukihisi tishio, tezi zilizo juu ya figo humwaga homoni iitwayo adrenalini, kisha nyingine iitwayo kotisoli. Moyo unakwenda mbio, damu inapunguzwa kwenye utumbo na kupelekwa kwenye misuli, na utumbo, wenye mtandao wake mkubwa wa neva unaozungumza na ubongo, unalalamika. Maumivu ni ya kweli hata kama vipimo vya hospitali havionyeshi kidonda. Ukimwambia "huumwi wewe", unamwongezea tatizo la pili, la kutoaminiwa.

Watafiti waliopima kotisoli kwenye mate ya watoto wa shule huko New Orleans, Marekani, waliona kwamba katika wiki ya mitihani sanifu yenye uzito ilipanda kwa wastani wa asilimia 15 hivi. Mimi kilichonishtua zaidi ni jambo lingine katika utafiti huo. Watoto ambao kotisoli yao ilibadilika sana, iwe kwa kupanda au kwa kushuka, ndio walioelekea kupata alama za chini kuliko ilivyotarajiwa. Kushuka huko huenda ni dalili ya mwili uliosalimu amri, uliojizima. Kwa hiyo hata yule mtoto wa jirani aliyetulia kama maji ya mtungi, tusiharakishe kumsifu kwamba haogopi.

Mwili kutetemeka peke yake, hata hivyo, si mwizi mkubwa wa alama. Mwaka 1967 wanasaikolojia Liebert na Morris waligawa hofu ya mtihani mafungu mawili: msisimko wa mwili, yaani jasho, moyo, tumbo; na mawazo ya wasiwasi, yaani yale maneno mtu anayojisemea kichwani. Utafiti uliofuata umeonyesha mara nyingi kwamba fungu la pili ndilo linaloshusha alama zaidi. Sababu yake utaiona kwenye hesabu ndogo. Mpe mwanao 47 kuzidisha kwa 6, afanye kichwani. Saba mara sita ni 42, weka 2, beba 4. Nne mara sita ni 24, ongeza ile 4 uliyobeba, 28. Jibu 282. Sasa ile 4 aliyoibeba, ameiweka wapi wakati anazidisha? Ameishika kwenye sehemu ya akili iitwayo kumbukumbu tendaji, ambayo ni kama kiganja: inashika vitu vichache tu kwa wakati mmoja, na kiganja cha mtoto ni kidogo kuliko cha mtu mzima. Katikati ya hesabu akijiambia "zimebaki dakika ngapi, baba atasemaje", maneno hayo nayo yanataka kushikwa. Ile 4 inaanguka. Anarudia. Anarudia tena. Anaita raba. Ujuzi wa kuzidisha haujaenda popote. Kiganja ndicho kilichojaa.

Ndiyo maana nyumbani anaweza na kwenye mtihani hawezi. Na ndiyo maana kumwongezea mada za kusoma hakutasaidia kitu.

Sasa saa ya shemeji. Naomba usinitumie kama fimbo ya kumpigia mumeo, maana hakukosea yote. Mazoezi yana faida, na wala si siri. Mwaka 2006 Roediger na Karpicke waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Wengine wakavisoma tena, wengine wakajipima kwa kuandika walichokumbuka. Baada ya wiki moja waliojipima walikumbuka zaidi. Kwa hiyo jibu la swali lako la pili ni hapana, usimpumzishe mazoezi yote. Mtoto anayekimbizwa mbali na kitu anachokiogopa hujifunza somo moja tu, kwamba kweli kinatisha. Atapumua wiki mbili, halafu mtihani ujao utamkuta akiwa na hofu ile ile, pengine imenenepa.

Shemeji alipokosea ni kwenye kipimo. Mwaka 1908 Robert Yerkes na John Dodson waliwafundisha panya kuchagua njia, wakiwaadhibu kwa umeme kila walipokosea. Kazi ilipokuwa rahisi, umeme mkali uliwaharakisha kujifunza. Ilipokuwa ngumu, umeme ukizidi kiasi uliwachelewesha. Nafahamu watoto si panya, na jaribio lenyewe leo lisingenifurahisha, lakini mambo kama hayo tumeyaona kwa watu pia: presha kidogo huamsha, presha nyingi kwenye kazi ngumu hupofusha. Sasa mtazame binti yako. Ni jioni, amechoka, maswali ni magumu, saa inarudi nyuma, na anayeishika ni mtu ambaye anatamani kumfurahisha kuliko wote duniani. Huo ni umeme mwingi. Kila ikilia kabla hajamaliza, ubongo wake unaunganisha mlio ule na kushindwa. Mwezi mmoja wa hivyo, na mlio peke yake utatosha kumuumiza tumbo. Methali ya shemeji ni ya kweli. Ila kumwacha mtoto ajifunze kwa utaratibu si kumchelea.

Ningefanya hivi, na wiki ya kwanza ningeigeuza saa. Ipande, isishuke. Mpe maswali kumi ya kiwango chake, umwambie afanye kwa mwendo wake, nawe andika pembeni alianza saa ngapi na akamaliza saa ngapi. Usimwonyeshe mpaka amalize. Mkimaliza mwambie tu, kama unayemwambia urefu wake, "Kumi zimekuchukua dakika 16." Hakuna kufaulu wala kufeli hapo, ni habari tu. Watoto wengi wanaoogopa saa hawana hata fununu ya mwendo wao, na kitu usichokijua huwa kikubwa kuliko kilivyo. Mara mbili kwa wiki zinatosha, tena mchana au alasiri, wala si kabla ya kulala.

Wiki ya pili ndiyo ninayoijali kuliko zote, kwa hiyo nivumilie nikirefusha. Mfundishe kuacha. Chagua maswali kumi, lakini mawili kati yake yawe ya mtego, ya kiwango cha juu kabisa ambacho hata kaka zake wangetoa macho. Usimwambie ni yapi. Mwambie mchezo ni huu: kuna maswali mawili humu ambayo kazi yako ni kuyakamata na kuyaruka. Anachora duara kwenye namba ya swali, anakwenda mbele. Akiyakamata yote mawili, sherehe ni kwa sababu hiyo, si kwa sababu ya yale manane aliyopata. Mpongeze kwa kuruka, kwa sauti, baba yake akisikia. Mara ya kwanza atasumbuka. Mtoto mtiifu akiacha swali wazi huhisi kama ameacha mlango wa nyumba wazi usiku. Wengine hulia kidogo. Muache alie, kisha aendelee. Mara ya tatu au ya nne utaona mkono unachora duara bila kusita, na hapo jua kwamba mlima mmoja umeshapandwa.

Atakuuliza, niache baada ya muda gani? Usimpe sekunde. Kuhesabu sekunde nako kunajaza kiganja. Mpe alama anayoweza kuiona: "Ukishasoma mara mbili na bado huoni hatua ya kwanza ya kuanzia, chora duara." Maswali anayoona pa kuanzia ayafanye, hata kama ni marefu. Akifika mwisho wa karatasi anarudi kwenye maduara yake. Na jambo la ajabu ni kwamba mengine yatakuwa yamelainika, kwa sababu swali la 31 limemkumbusha kitu kilichofichwa kwenye la 7.

Kuna shimo moja humu ambalo nimeona watoto wakiliangukia. Kama majibu yanajazwa kwenye karatasi tofauti, ile yenye vijiduara vya kuweka kivuli, mtoto anayeruka swali la 7 anaweza kuweka jibu la 8 kwenye mstari wa 7, na kuanzia hapo kila kitu kikateleza mstari mmoja. Afanye mazoezi na karatasi ya aina hiyo hiyo, kidole cha mkono wa kushoto kikiwa juu ya namba (kama anaandika kwa kushoto, basi cha kulia), na asome namba kimoyomoyo kabla ya kuweka kivuli.

Halafu muulize mwalimu jambo ambalo wazazi karibu wote husahau kuuliza: jibu lililokosewa linapunguza alama? Kwenye baadhi ya mitihani linapunguza. Kwenye mingi halipunguzi, na hapo kuacha wazi ni kutupa. Angejaza herufi yoyote kwenye yale 17, kwa maswali yenye majibu manne angetarajia kuokota kama alama 4 hivi. Mwambie dakika 2 za mwisho ni za kujaza kila kijiduara kilicho kitupu. Ataona kama ni udanganyifu. Mweleze kwamba sheria ya mtihani inaruhusu, tena itakuwa vizuri zaidi akiisikia kwa mwalimu mwenyewe.

Wiki ya tatu ndipo muda unapoingia, na uingie kama vituo vya safari. Kwa karatasi ya maswali 40 na dakika 50: dakika 20 zikipita awe karibu na swali la 20, dakika ya 40 awe amefika mwisho wa mzunguko wa kwanza, na 10 zilizobaki ni za maduara na kujaza. Utaona mwendo huo ni swali moja kwa dakika, haraka kuliko zile sekunde 75, lakini inawezekana kwa sababu magumu yameachwa nyuma. Anaangalia saa mara mbili tu katika mtihani mzima. Mtoto anayeangalia saa kila swali amejitwisha mtihani wa pili juu ya wa kwanza. Kama anaweza kusoma saa ya mishale, aitumie hiyo, kwa sababu anaona kipande cha duara kilichobaki, wakati namba zinazopungua zinamwambia tu kwamba kitu kinakwisha. Kama kwa mazoezi ya nyumbani mwendo wake bado ni dakika 16 kwa maswali kumi, vituo mnavisogeza kwanza, mnaanza na dakika 65 au 70, mnapunguza polepole.

Kwa nini saa iwepo kabisa? Nimeulizwa hilo na watoto wengi, na linastahili jibu la kweli. Huko Boston, Marekani, mwaka 1845, mwanamageuzi wa elimu Horace Mann na wenzake walisukuma mitihani ya maandishi ili watoto wote waulizwe maswali yale yale badala ya kila mmoja kuulizwa lake kwa mdomo. Karibu mwaka 1915 Frederick Kelly wa Kansas akatengeneza mtihani wa kusoma kimya, miongoni mwa ile ya mwanzo ya kuchagua jibu. Ulikuwa wa dakika 5, na maelezo yake yaliwaambia watoto kwamba ni mchezo mdogo tu. (Mchezo! Angeyaona matumbo ya watoto wa leo.) Wapimaji wenyewe hutofautisha mtihani wa kasi, ambao maswali ni mepesi na kinachopimwa ni haraka, na mtihani wa uwezo, ambao kinachopimwa ni ugumu unaofikia. Mitihani mingi ya shule inakusudiwa kupima uwezo, ila inawekewa muda kwa sababu chumba kinahitajika, wasimamizi wana zamu, na kila mtoto lazima atendewe sawa. Muda huo ni wa utaratibu. Mwambie hivyo: saa haikuwekwa kumkamata yeye. Na maoni yangu, kama utayahitaji, ni kwamba waandaaji wa mitihani ya watoto wa umri huu wanabana muda kuliko inavyohitajika. Lakini barua yako haikuniuliza hilo, na mwanao ana mtihani wa kufanya kabla wakubwa hawajabadilisha chochote.

Usimwambie mtihani si kitu. Atakutazama, ataitazama saa ya baba yake, atakumbuka mazungumzo mliyodhani hasikii, na atajua unamdanganya. Kisha siku utakayomwambia kweli hatakuamini. Mpe ukubwa wake halisi: mtihani huu unatumika kwa jambo hili na hili, matokeo yakiwa mabaya tutafanya hivi, yakiwa mazuri tutafanya hivi. Mtoto akijua nini kitatokea akifeli, hata kama si kizuri, hofu inapata mipaka. Kisichosemwa ndicho kinachokua gizani. Mwambie pia kwamba hayuko peke yake. Katika PISA ya mwaka 2015, utafiti wa kimataifa wa wanafunzi, kwenye nchi wanachama wa OECD (jumuiya ya kiuchumi ya nchi nyingi tajiri), kama asilimia 55 ya wanafunzi wa miaka 15 walisema huwa na wasiwasi mkubwa wa mtihani hata wakiwa wamejiandaa vizuri. Zaidi ya nusu ya chumba, basi, wana hofu kimya kimya.

Asubuhi ya mtihani, au jioni ya kuamkia mtihani, kuna kitu kimoja kidogo ambacho ningekisisitiza. Mwaka 2011 Gerardo Ramirez na Sian Beilock walichapisha matokeo ya majaribio ambamo wanafunzi waliandika kwa dakika 10, muda mfupi kabla ya mtihani, kila kilichokuwa kinawatia wasiwasi. Wale wenye hofu kubwa walifanya vizuri zaidi kuliko wenzao wenye hofu kama yao ambao hawakuandika hivyo. Wanafunzi hao walikuwa wakubwa kuliko binti yako, lakini nimejaribu na wadogo kwa dakika chache, wengine kwa kuchora, na wengi hupenda. Aandike kwenye karatasi chakavu, asisomewe, asisahihishiwe, kisha aichane mwenyewe. Anachofanya ni kushusha mizigo kutoka kwenye kiganja kabla ya kukitumia.

Na acheni kumwambia "tulia". Ninyi wawili, hata mimi. Mwili uliokwisha kuwaka hauzimwi kwa amri. Alison Wood Brooks alichapisha mwaka 2014 majaribio ambamo watu waliojiambia kwamba wana msisimko wa hamu, badala ya kujiambia watulie, walifanya vizuri zaidi, pamoja na kwenye hesabu za kupimwa kwa muda. Moyo wa hamu na moyo wa hofu unadunda vile vile. Jina tu ndilo linalobadilika. Kwa hiyo jaribuni "mwili wako umeamka, uko tayari". Akikaa kwenye dawati avute pumzi kwa hesabu ya nne, aitoe taratibu kwa hesabu ya sita, mara tatu. Kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta, kwa kuwa ndiko kunakopunguza mwendo wa moyo. Usingizi wa usiku ule usiuguse kwa ajili ya marudio. Wataalamu wa usingizi wanapendekeza kulala kwa muda wa saa 9 hadi 12 kila siku kwa watoto wa miaka 6 hadi 12. Chakula asilazimishwe, kidogo anachokiweza kinatosha.

Akirudi, swali la kwanza lisiwe "umepata ngapi?" wala "ilikuwaje?", maana anajua unachouliza. Uliza, "Uliruka mangapi?" Atashangaa, halafu atakueleza.

Jambo moja linawahusu ninyi, na nitalisema upesi. Mwaka 2015 Erin Maloney na wenzake walionyesha kwamba wazazi wanaoogopa hesabu, wakisaidia mara kwa mara kazi za nyumbani, watoto wao hujifunza hesabu chache kuliko wenzao katika mwaka huo wa shule, na huumaliza wakiziogopa zaidi. Hofu hupita kwenye mkono unaosaidia. Sijui kama shemeji aliwahi kuumizwa na mtihani wa muda alipokuwa mdogo. Muulize siku mkiwa mmekaa vizuri, si kwa kumkomoa. Baba wengi wanaonunua saa wanapigana na mtihani wao wa zamani.

Je, ni ugonjwa? Kwa haya uliyoandika, sidhani, lakini jaribu kitu kabla ya kuniamini. Mtafutie karatasi inayofanana na ile, umpe bila saa kabisa, apumzike katikati akitaka. Akimaliza yote 40 na kupata karibu yote, tatizo ni lile nililoeleza. Akichukua muda mrefu mno hata bila presha, au akikosea ovyo, tafuta sababu nyingine. Msikilize anaposoma kwa sauti kifungu cha darasa lake. Akikwama kwenye maneno mengi, akibadilisha herufi, akichoka haraka, huenda ni disleksia, yaani ugumu wa kusoma na kuandika maneno. Macho nayo yapimwe, maana mtoto asiyeona vizuri hajui kwamba wengine wanaona zaidi yake. Zikithibitika sababu za aina hiyo, mifumo mingi ya mitihani inaruhusu muda wa nyongeza; robo ya muda ni nyongeza ya kawaida. Maombi huwa na tarehe za mwisho na huhitaji ripoti, kwa hiyo msingoje mwezi wa mtihani.

Yapo mambo ambayo hayangoji mazoezi yangu ya wiki tatu. Akikataa kwenda shule, akikosa usingizi au kutapika wiki baada ya wiki hata siku zisizo na mtihani, akiacha kucheza na vitu alivyokuwa anavipenda, mpeleke kwa daktari au mwanasaikolojia wa watoto. Akisema maneno ya kujidhuru au ya kutamani asingekuwepo, hata kama ni kwa mzaha, mpeleke siku hiyo hiyo.

Kesho nenda kwa mwalimu na ile karatasi, lakini usiende kugombana. Mwonyeshe 21 kati ya 23, mwonyeshe tundu la swali la 7, kisha umwombe mawili: amwambie mtoto kwa mdomo wake kwamba anaruhusiwa kuruka, na akupe maswali magumu machache ya kuweka kwenye mchezo wa mtego. Saa ya shemeji msiitupe. Itakapofika wiki ya tatu iwekeni mezani, binti aipange mwenyewe dakika anazozitaka, aiwashe mwenyewe, na ikilia aizime yeye.